MWENYE SHAMBA NA MWENYE JEMBE
Darasa juu ya kukodi na kushirikiana mashamba katika bonde la Kilombero

Shukrani zote ni zake Mwenyiezi Mungu, aliyeitandaza ardhi, akaiteremshia mvua, akaotesha ndani yake riziki ya waja wake. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo: darasa hili ni la watu wawili. Mmoja ana ardhi, walakini hana nguvu ya kuilima. Wa pili ana nguvu ya kulima, walakini hana ardhi. Kila mmoja wao amhitaji mwenziwe, na kukutana kwao ni kheri kwao na kwa watu wote walao chakula. Lakini kukutana peke yake hakutoshi. Wangapi wamekutana kwa kucheka wakati wa mvua za kwanza, wakaachana kwa matusi siku ya kupura mpunga! Sababu yake si uchache wa mazao wala ubaya wa nyoyo tu. Sababu yake ni mapatano yaliyonenwa nusu, na nusu yake ikaachwa gizani.

HALI YA BONDE

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mji wake mkubwa ni Ifakara. Mto Kilombero hupita katikati yake, nao ukisha kukutana na mto Luwegu ndipo huitwa Rufiji. Masika yakija, mto hutoka katika kingo zake ukatandaa mbugani, na maji yakipungua huacha udongo wenye rutuba. Kwa hiyo mpunga wa bonde hilo umepata sifa katika masoko ya Tanzania.

Wenyeji wake tangu zamani ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wengineo. Kisha wakaongezeka wageni. Reli ya TAZARA, iliyomalizwa kujengwa mwaka 1975, ilifungua njia ya Ifakara na Mlimba. Wasukuma na wafugaji wengine walishuka bondeni na ng'ombe wao, wengi wao wakashika jembe pia. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja kubwa la mto Kilombero, na mtu wa Ifakara akaweza kwenda kulima ng'ambo ya Ulanga pasipo kungoja kivuko. Na mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, kwa ajili ya maji yake na wanyama wake. Basi si kila palipo na majani mabichi ni mahali pa kulima.

Hivyo wenye kutaka mashamba wamekuwa wengi, na ardhi haikuongezeka. Na papo hapo wako wajane, wazee, wagonjwa na watumishi wa kazi za mshahara, ambao mashamba yao yangelala bure kama wasingepata wa kuyalima. Hao ndio watu wawili wa darasa hili.

ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Na ajue mwenye kusoma ya kwamba jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Muhajirina waliofuatana naye walikuwa wameacha mali zao Makka. Ansari, wenyeji wa Madina, walikuwa na mitende. Bukhari amepokea kwa Abu Huraira ya kuwa Ansari walimwomba Mtume awagawie ndugu zao Muhajirina mitende yao nusu kwa nusu. Naye hakukubali. Ndipo wakapatana ya kuwa Muhajirina watafanya kazi ya kuitunza, nao watashirikiana katika matunda; wakasikia wote, wakatii.

Katika khabari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, ukarimu wa mwenyeji haumlazimu kuvuliwa milki yake. Mitende ilibaki kuwa ya Ansari. La pili, umasikini wa mgeni haumfanyi kuwa mwombaji. Alikula kwa jasho lake. Mwenyeji wa Ifakara na mgeni wa kutoka mbali, kila mmoja na alishike funzo lake.

Tena mwaka wa 7 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Khaibar, Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wa huko, nao walikuwa Mayahudi, waitumikie ardhi na mitende kwa nusu ya yatokayo. Khabari hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibnu Umar. Yajulikana hapa ya kuwa mapatano ya shamba hujuzu baina ya Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Na katika Ifakara, ambako Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, jambo hili lina haja kubwa.

LILILOKATAZWA

Rafii bin Khadiji, sahaba wa Kiansari, alikuwa katika jamaa wenye mashamba mengi Madina. Amesimulia ya kuwa watu walikuwa wakikodisha ardhi kwa sharti hii: mazao ya kipande hiki, kilicho karibu na mifereji, ni ya mwenye ardhi, na ya kipande kile ni ya mkulima. Pengine hiki kilisalimika kikaharibika kile, na pengine kinyume chake. Mmoja akapata vyote, mwenziwe akatoka mikono mitupu. Mtume (S.A.W.) akakataza. Ama kukodi kwa kitu kinachojulikana, kilichodhaminiwa, kama dhahabu na fedha, Rafii alisema halina ubaya.

Basi na litazamwe bonde la Kilombero. Zaidi ana shamba la eka tatu. Eka moja iko chini, penye majaruba yanayoshika maji. Mbili ziko juu, mahali pa mchanga. Amwambia Amri: "Lima zote, na mpunga wa eka ya chini utakuwa wangu." Mvua ikiwa chache, eka ya chini huzaa na za juu hukauka, Amri amelima eka tatu kwa kumtumikia Zaidi bure. Mto ukifurika kupita kiasi, eka ya chini huzama na za juu husitawi. Zaidi ametoa ardhi yake bure. Hili ndilo lile lile la Madina, ijapokuwa zao lake ni mpunga.

Na mfano wake ni kusema: "Nipe gunia sita katika mpunga wa shamba hili, zitakazobaki ni zako." Huenda zisitoke ila sita, au zisitoke hata moja. Mwenye kunena hivyo amejitwalia faida ya mshirika, na hasara amemwachia mwenziwe.

Njia zilizo safi ni mbili. Ama kodi inayojulikana, mkulima akachukua faida yote na hasara yote. Au ushirika wa sehemu, kama nusu au theluthi, wakashirikiana katika kingi na kichache. Kilicho baina ya mawili hayo ndicho kiletacho magomvi.

NJIA YA KWANZA: KUKODI

Kukodi kwataka mambo manne yajulikane.

La kwanza ni shamba lenyewe. Mipaka yake itembelewe kwa miguu, mbele ya majirani wa pande zote. Kunena "kule kwangu karibu na mto" hakutoshi, kwani mto huhama na mashahidi hufa.

La pili ni muda. Afadhali uhesabiwe kwa msimu: tangu kutayarisha shamba, kabla ya mvua, hata kuvuna na kuondoa mazao. Muda usiwe mfinyu, mkulima akafukuzwa na mpunga wake ungali wabichi.

La tatu ni kodi. Yafaa iwe fedha. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi yafaa vilevile iwe mpunga, maadam kipimo chake, namna yake na siku ya kulipwa imejulikana, nao uwe deni katika dhima ya mkodi, si lazima utoke katika shamba lile. Imamu Malik hakujuzisha ardhi kukodishwa kwa chakula. Basi mwenye kutaka kutoka katika khitilafu na akodi kwa fedha. Na akikodi kwa mpunga, gunia litajwe uzito wake. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, si kipimo bali ni dhuluma. Na sheria ya vipimo ya Tanzania yalikataza pia.

La nne ni kuwezekana kwa manufaa. Wanavyuoni wa Kishafi wamesharutisha ya kuwa ardhi ya kukodiwa kwa kulima iwe na maji ya daima, au mvua ya kawaida yenye kuitosha. Mwenye shamba aliyejua ya kuwa mahali pake huzama kila mwaka kabla mpunga haujashika, akanyamaza, ameficha aibu ya kitu chake.

Mas'ala ya mafuriko. Amri amekodi, amepanda, mpunga umechipua. Kisha yakaja maji yakauchukua, au nondo, au ndege aina ya kwelea wakaumaliza, na ardhi ingali ardhi yenye kulimika. Je, kodi humwondokea? Jawabu: haimwondokei. Imamu Nawawi ameandika hayo katika Minhaji. Kwani balaa ilishuka juu ya mali ya Amri, nayo ni mmea, wala haikushuka juu ya manufaa aliyoyakodi. Lakini kama maji yameifunika ardhi hata haikuwezekana kulimwa muda wote waliopatana, hapo manufaa yenyewe yamekosekana, na mapatano huvunjika. Tofauti ya hukumu hizi mbili na ifahamike vyema kabla ya mtu kutoa fedha yake.

Na hukumu ni kitu kimoja, ihsani ni kitu kingine. Zaidi akimwona Amri amepoteza msimu mzima, akamsamehe nusu ya kodi au akamngojea hata mavuno ya mwaka wa pili, malipo yake yako kwa Mwenyiezi Mungu. Asamehe mwenyewe kwa radhi yake. Lakini Amri hawezi kumdai msamaha kama adaivyo haki.

NJIA YA PILI: KUSHIRIKIANA MAZAO

Mkulima wengi hawana fedha ya kodi mwanzo wa msimu, kwa hiyo hutaka nusu kwa nusu. Wanavyuoni wamekhitilafiana. Kauli iliyo mashuhuri kwa Mashafi, nao ndio wengi katika Waislamu wa Afrika ya Mashariki, ni kuwa mapatano hayo katika ardhi tupu hayasihi, kwa makatazo yaliyopokewa; ila katika ardhi iliyo baina ya mitende, kwa kuifuata mitende. Abu Hanifa naye amekataza, lakini wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wamejuzisha, na fatwa ya Mahanafi imekwenda juu ya kauli yao. Imamu Ahmad amejuzisha, kwa hoja ya Khaibar. Na Imamu Nawawi mwenyewe, aliyefariki mwaka 1277, ingawa katika Minhaji amefuata kauli mashuhuri, katika kitabu chake Raudha amekhitari kujuzu.

Mwenye kutaka kubaki katika kauli mashuhuri ya Kishafi hakufungiwa mlango. Mbegu zikiwa za Zaidi, humwajiri Amri kwa nusu ya mbegu ili ampandie nusu ya pili, na humwazima nusu ya shamba isiyogawanywa. Mbegu zikiwa za Amri, hukodi nusu ya shamba kwa nusu ya mbegu zake na nusu ya kazi yake. Kwa njia hiyo kila mmoja huwa na mbegu zake ndani ya ardhi, mmea wa kila mmoja hutoka katika mali yake, na mazao hugawanyika nusu kwa nusu pasipo shaka.

Faida kubwa. Mmea hufuata mbegu. Mapatano yakiharibika, na mbegu ni za mwenye shamba, mpunga wote ni wake, na juu yake ni kumlipa mkulima ujira wa mfano wa kazi yake. Na mbegu zikiwa za mkulima, mpunga wote ni wake, na juu yake ni kulipa kodi ya mfano ya shamba. Basi swali la kwanza kuulizwa kabla ya yote ni hili: mbegu ni za nani? Wengi huuliza hayo siku ya kuvuna, na siku hiyo kila mtu hukumbuka alilopenda.

Kisha yatajwe mengine moja moja. Nani atalipa trekta au plau ya ng'ombe? Nani atanunua mbolea na dawa? Nani atapalilia? Nani atakaa duguni kuamia ndege? Magunia na gari la kuchukulia ni juu ya nani, na gharama zatolewa kabla ya kugawa au baada yake? Na kugawa kwenyewe kutakuwa wapi? Kugawa kuwe kiwanjani, mara baada ya kupura na kupepeta, kwa kipimo kimoja, wote wawili wakiwapo. Mwenye shamba asitume mtoto mdogo, na mkulima asianze kuhamisha usiku.

NANI MWENYE HAKI YA KUTOA SHAMBA

Hawezi mtu kukodisha asichokimiliki manufaa yake. Shamba la urithi lisilogawanywa haliwi la mkubwa wa nyumba peke yake. Dada zake wana fungu, na mama yao ana thumni yake. Mali ya yatima hutolewa na walii kwa maslaha ya yatima, wala kodi yake haiingii mfukoni mwa walii.

Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na watu wana haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetambua haki ya kimila kuwa ni haki kamili, ikamruhusu mwenye haki hiyo kumkodisha mwingine kwa masharti yake, na mengine katika mapatano hayo yataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Imethibitisha pia ya kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tangu mwaka 2016 kazi ya kupima mashamba na kutoa hati za kimila iliingia katika vijiji vingi vya wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Basi mkulima mgeni na aombe kuonyeshwa hati, au afike kwa Halmashauri ya Kijiji aulize, kabla hajatoa senti. Na asikodi mahali palipotengwa kwa wanyama wa mwitu. Aliyempa mahali hapo amemwuzia upepo, na siku ya kuondolewa hatamwona.

Mwenye shamba naye ana khofu yake, nayo ni ya haki: mjane huogopa kutoa shamba lake miaka mitano, mkulima akaja kudai kuwa ni lake. Dawa ya khofu hiyo si kuliacha shamba liote magugu. Yamepokewa maneno ya Mtume (S.A.W.) ya kumhimiza mwenye ardhi ailime, au ampe nduguye ailime. Dawa yake ni maandiko na mashahidi, na kutaja wazi ya kwamba matuta na majaruba atakayotengeneza mkulima hayambadilishi kuwa mwenyewe, na kama atalipwa gharama zake au hatalipwa.

MWENYE KUWAKUTANISHA

Baina ya watu hawa wawili mara nyingi yuko wa tatu: dalali, au jamaa, au mzee wa mtaa. Kazi yake ni halali na ujira wake ni halali, kwa masharti. Ujira ujulikane tangu mwanzo, na kila upande ujue alichotwaa kwa upande wa pili. Asisifu shamba kwa sifa lisiyo nayo, wala asimfichie mwenye shamba khabari ya mkulima mvivu. Asipandishe kodi kwa kumtaja mkodi asiyekuwapo. Na wakisha kuridhiana Zaidi na Amri, asimlete Bakari na fedha zaidi kuwavunjia. Kuuza juu ya mauzo ya ndugu kumekatazwa, na kukodi ni namna ya kuuza manufaa. Ama mwenye kukodisha shamba moja kwa watu wawili, huyo si dalali, ni mwizi.

Uzuri ungekuwa msikiti wa mtaa kuwa na daftari moja: ukurasa mmoja wa mashamba yasiyo na wa kuyalima, na ukurasa mmoja wa wakulima wasio na mashamba, na watu wawili waaminifu wa kuwakutanisha kwa ajili ya Mwenyiezi Mungu.

KUANDIKA NA ZAKA

Mwenyiezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Na mapatano ya shamba ni ya muda. Karatasi moja yatosha: majina, mipaka, muda, kodi au sehemu, mbegu, gharama, na hukumu ya mafuriko. Iwe nakala tatu, ya tatu ikae kijijini. Na wakigombana, wasianze kwa mapanga. Kijiji kina Baraza la Ardhi la watu 7, na wasiopungua 3 kati yao huwa wanawake, kazi yake kusuluhisha.

Kisha kuna haki ya masikini. Katika kukodi, zaka ya mpunga ni juu ya mkulima, kwa kuwa mpunga ni wake, wala kodi aliyolipa haimwondolei. Katika kushirikiana, kila mmoja na aangalie fungu lake, wala asimwachie mwenziwe. Nisabu ya nafaka ni wasaki 5, na kila wasaki ni pishi 60 za Mtume. Lakini mpunga, kwa kuwa huwekwa na maganda yake, nisabu yake kwa Mashafi ni wasaki 10. Uliomea kwa mvua au mafuriko hutolewa fungu moja katika 10. Ulionyweshwa kwa taabu na gharama, fungu moja katika 20.

KHATIMA

Mwenye shamba na mwenye jembe ni kama mikono miwili. Mmoja hauoshi pasipo wa pili. Ardhi ya Zaidi pasipo Amri ni magugu, na nguvu za Amri pasipo Zaidi ni njaa. Walichokihitaji baina yao si ujanja, bali ni saa moja ya kunena yote wazi kabla mbegu haijaanguka. Kwani mbegu ikisha kuanguka hainenwi tena. Huota kama ilivyopandwa.

Mwenyiezi Mungu avibariki vyakula vya Waislamu na jirani zao, na azisuluhishe nyoyo za wenye kushirikiana. Amin.